Moto wa Kuni Gani?

Ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa na njia moja tu ya kunikamata nikidanganya, na haikuhitaji fimbo. Alikuwa anasema, "Sema wallahi."

Hapo nilikuwa nimekwisha. Mimi nimeshadanganya karibu kila mtu ninayemjua hapa Garissa, wakiwemo walimu wawili wa nidhamu, lakini kiapo sijawahi kukichezea. Utani ni utani, Mungu ni Mungu. Nilimwambia ayeeyo kwamba yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema nambari unayopiga haipatikani, ni binti wa jirani na anatafuta mume. Wiki nzima akawa anamsalimia, anamuuliza hali ya mama yake, mpaka siku moja akaona huyu binti hana adabu, hajibu salamu. Akanigeukia. "Sema wallahi." Nikakimbia. Nikamwambia serikali inaandikisha meno ya wazee. Akaniuliza yake manne yataandikwa kwa jina la nani, kisha akanitazama vizuri. "Sema wallahi." Nikakimbia tena, na kandambili yake ikanifikia mgongoni kabla sijafika getini. Kwa mtu wa umri wake, alikuwa na shabaha ya polisi.

Kwa hivyo tulikuwa na makubaliano ambayo hakuna aliyeyaandika: nikiapa, ni kweli. Nisipoapa, ni mimi tu.

Mwaka jana, akiwa Hadado na ngamia wake, anjera, ule mkate wetu laini, ilianza kumkwama kooni. Hakumwambia mtu wa mjini. Alimwita mganga wa moto, mtu ambaye baba yake pia alikuwa mganga wa moto, kisha ayeeyo akaenda mwenyewe kukata kijiti kwenye mti aliouchagua. Mganga akapasha ncha yake mpaka ikawa nyekundu, akamchoma shingoni mara tatu. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Angalia wazee msikitini, utaona alama hizo, huyu tumboni, yule juu ya sikio. Lakini kwa ayeeyo haikusaidia. Alipoletwa kwetu Garissa alikuwa anakunywa maziwa na uji mwepesi tu, na lile tumbo lililokuwa likitikisika akicheka lilikuwa limenywea.

Hospitali ya hapa mjini ikasema ni saratani ya koo. Ikasema kuna mashine ya mionzi, kwamba ataenda kila siku kwa wiki kadhaa bila kuruka, na kwamba ni lazima waanze sasa, wakati maziwa bado yanapita. Wakatupa siku: Jumatano.

Mama alikuwa dukani mchana kutwa, na wahudumu wengi wa pale walikuwa watu wa bara wasiojua Kisomali. Mkalimani nikawa mimi. Hebu fikiria. Familia nzima, na afya ya mtu ikawekwa kwenye ulimi wangu.

Siku chache kabla ya Jumatano hiyo walimtengenezea barakoa. Si ile ya corona. Ni wavu wa plastiki. Wanaulainisha kwenye maji ya moto, wanaulaza usoni mpaka mabegani, ukipoa unakuwa mgumu kwa umbo lako hasa. Siku za mashine wanakulaza mezani, wanakufunika nao, wanaubana pembeni kwa vifungo ili shingo isisogee hata kidogo. Ayeeyo alivumilia yote, hata kuvua mtandio mbele ya dada mmoja anayeendesha mashine. Alipotolewa wavu akasema kwa Kisomali:

"Wamenifunga mdomo kama ndama anayeachishwa ziwa. Sawa. Sasa waulize, moto wao ni wa kuni gani?"

Nikamtafsiria yule dada. Akacheka mpaka akashika meza. Na lilikuwa kosa langu, kwa sababu nusu saa kabla nilikuwa nimemwambia kwamba bibi yangu ana miaka mia moja na thelathini na aliwahi kuwa bingwa wa mieleka kule Bute. Alidhani ni mwendelezo wa utani huo.

"Wewe kijana!" akasema, akaenda kumwita mgonjwa mwingine.

"Amesema nini?" ayeeyo akauliza.

"Amecheka."

"Nimeona amecheka. Nimeuliza kuni."

Tulipofika nyumbani alikuwa ameshaamua. Haingii. Alisema mganga wa Hadado alimchoma, na ikauma, na haikusaidia, lakini alijua ni nani aliyewasha moto na ni mti gani uliokuwa unawaka. Hawa wanataka kumfunga uso, wamfungie chumbani peke yake, wamchome kwa moto ambao hata wao wakiulizwa wanacheka. Bora arudi Hadado afie kwa ngamia wake.

Mama alilia. Mjomba alipiga simu kutoka Banissa, akaomba, akafoka, akaomba tena. Ayeeyo alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Wewe unajua kuni zake?" Mjomba akasema hajui. Akamrudishia mama simu.

Mama akanivuta jikoni. "Wewe unasoma fizikia," akasema. "Tafuta jibu. Na waryaa, wewe kijana, nikisikia umemfanyia mzaha kwenye hili..." Hakumaliza. Mama akimaliza sentensi huwa ni afadhali.

Jumatatu niliinua mkono darasani. Mwalimu wetu wa fizikia ni mtu wa Meru, mpole, anayeandika ubaoni kwa herufi ndogo kama anaficha siri. Nikamuuliza, "Mwalimu, ile mashine ya saratani ya hospitali inachoma kuni gani?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mtu nyuma akasema, "Ya mwarobaini!" Mwalimu akaweka chaki chini.

"Toka."

"Mwalimu, leo sichezi."

"Wiki jana pia ulisema huchezi. Toka."

Wiki jana nilikuwa nimeuliza kama mvutano wa dunia unafanya kazi siku za Ijumaa. Nikatoka. Nilisimama nje kwenye jua, nikaona ukuta wa maabara umepauka, mbuzi mmoja wa shule amelala kwenye kivuli cha tangi, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kuwa mmoja wa wale wavulana wa dawati la mbele ambao wakiuliza swali wanajibiwa.

Jioni nilikaa kwenye ngazi ya duka na simu ya mama, nikatafuta mwenyewe. Ukurasa mmoja ulikuwa mrefu na una picha nzuri. Ulitaja elektroni, ukataja hospitali, ukataja saratani. Nikasema ndiyo hii. Nilisoma kwa saa nzima, na wallahi, hii naapa, ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Nilisoma karibu nusu. Kisha nikarudisha simu na kukimbia nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeshapata mbuzi wa kumwelezea ayeeyo.

Ayeeyo alikuwa kwenye mkeka, upande wa ukuta ambao jua lilikuwa limeshauacha. Nikakaa mbele yake.

"Hakuna kuni," nikamwambia. "Ni mwanga."

"Taa haichomi mtu."

"Si taa. Ni mwanga mmoja mkali, mfupi. Mfupi hivi kwamba ukipepesa jicho umeshapita mara mamilioni."

"Na ukishapita?"

"Ayeeyo, chukua kundi la mbuzi. Mama na watoto wao, wamesimama njiani. Mama ni wazito, hawasogei. Watoto ni wepesi. Sasa gari la miraa linapita katikati yao."

Hapa kila mtu wa huku anajua ninachosema. Gari la miraa halisimami. Halisimamii mbuzi, halisimamii mbunge.

"Linatoka wapi?" akauliza.

"Popote."

"Kama ni lile la Wajir, yule dereva ni mwendawazimu."

"Ni huyo huyo. Watoto wanafanyaje?"

"Wanaruka kando."

"Na mama zao?"

"Wanabaki, wanalia." Alikuwa ameanza kuliona. Macho yake yalikuwa Hadado.

"Basi. Gari limepita, nyuma yake kuna uwazi, ndani ya uwazi kuna mama peke yao wanalia. Watoto wanageuka, wanarudi mbio. Sasa kuna mmoja anaangukia ndani ya uwazi ule ule, nyuma tu ya gari. Anawakimbilia mama walio mbele yake. Kabla hajafika, gari limeshatawanya watoto wengine mbele zaidi, na mama wengine wanalia. Anawakimbilia hao. Kabla hajafika..."

"Hafiki."

"Hafiki! Lakini kila anapokimbia kasi inaongezeka. Uwazi unakwenda na gari, na yeye anakwenda na uwazi."

Ayeeyo alifikiri, akachora kitu kwenye mkeka kwa kidole. "Si kila mtoto," akasema. "Aliyesimama gari linamwacha. Ni yule ambaye tayari alikuwa anakimbia."

Nilikasirika kidogo. Mimi kufika hapo ilinichukua robo tatu ya saa na bando la mama. Ule ukurasa ulisema hilo ndilo linalowasumbua wataalamu: jinsi ya kuiingiza elektroni kwenye uwazi kwa wakati wake, isiwahi, isichelewe, na ikiwa na mwendo wake tayari. Ikichelewa, imebaki.

Nikamweleza mengine. Kwamba kundi la mbuzi ni gesi, na ule mwanga unapoipiga unazing'oa elektroni kutoka kwa atomu zake, watoto huku, mama kule, na gesi iliyopasuka hivyo inaitwa plazma. Kwamba gari la miraa ni huo mwanga wenyewe, unaitwa leza. Kwamba safari nzima ya huyo mbuzi ni fupi kuliko kidole changu, lakini mwishoni anakwenda karibu na kasi ya mwanga. Halafu anagonga chuma, na kishindo cha kugonga ndicho mionzi, na mionzi ndiyo inayoingia shingoni kuua uvimbe.

"Kwa hivyo wananitibu kwa miraa," akasema. Ayeeyo alichukia miraa kuliko ukame.

"Gari lake tu. Mzigo umeshushwa."

Akacheka. Tumbo likatikisika kama zamani, kisha maumivu yakamshika, akaweka mkono kooni, akafumba macho mpaka yakapita. Alipoyafumbua hakuwa anacheka.

"Sema wallahi."

Nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa neno lile nikabaki nimekaa.

"Basi Jumatano twende," akasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Usiku ule kipande kikubwa cha nyama kilikuwa kwenye sahani yangu.

Jumatano tulifika mapema. Mama alikaa na ayeeyo kwenye benchi, ayeeyo akivuta tasbihi, karibu na mzee mmoja aliyeletwa na mwanawe. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitembea mpaka kwenye dirisha la chumba cha mashine, nikamwambia yule dada kama mtu wa kazi moja na yeye:

"Samahani dada, leza yenu inakaa upande gani?"

"Leza gani?"

"Ya kusukumia elektroni. Kwenye plazma."

Akaacha kuandika. Safari hii alinitazama vizuri, sijui aliona nini, lakini hakucheka. "Umesoma wapi hiyo?"

Nikamwambia.

"Ah," akasema. "Hiyo bado. Hiyo iko kwenye maabara huko ng'ambo, wanaifanyia utafiti. Ikifaulu labda mashine zitakuwa ndogo. Hii yetu ni ya kawaida. Elektroni zinapita ndani ya bomba la shaba, zinasukumwa na mawimbi, ya jamaa moja na yale ya redio. Leza humu ni ile mistari myekundu ya ukutani tu. Ya kupimia kama mgonjwa amelala sawa." Akageuza faili. "Mwambie bibi ajitayarishe. Ni zamu yake."

Nilikuwa nimesoma nusu ya ukurasa. Nusu nyingine, ile niliyoiacha kwa sababu nilikuwa nimeshapata mbuzi wangu, ndiyo iliyosema bado.

Nataka nieleze umbali kutoka dirisha lile mpaka benchi. Ni hatua kumi na tano hivi. Katika hatua hizo nilijiambia: nyamaza. Anaingia, anatibiwa, mashine ni ile ile, anayepona ni yule yule. Nani atajua? Hakuna mtu Hadado atakayekuja kukagua bomba la shaba. Halafu nikajiambia: wallahi. Nilisema wallahi. Halafu nikajiambia: ukimwambia, atasimama, atatoka kwa mlango huu, na hatarudi, na itakuja siku maziwa hayapiti. Nilifika kwenye benchi nikiwa sijaamua.

"Uso wako umekuwaje?" mama akauliza.

"Joto."

"Twende," ayeeyo akasema, akanipa mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi. Mama alibaki na viatu vya ayeeyo na dua zake mwenyewe.

Njia ya kuingia chumba kile ina kona na kuta nene kama za ngome. Ndani ni baridi. Mashine ni kubwa, nyeupe, ina kichwa kilichoinama juu ya meza kama ngamia anayechungulia ndani ya nyumba. Yule dada na mwenzake, mwanamke pia, wakamsaidia ayeeyo kupanda mezani, wakamvua mtandio, wakaukunja taratibu. Zile alama tatu za moto zilikuwa pale shingoni. Dada akachukua wavu kutoka kwenye rafu. Mwenzake akabonyeza kitu, taa zikafifia.

Mstari mwembamba mwekundu ukatokea kifuani mwa ayeeyo, kutoka kidevuni kushuka chini. Mwingine ukamkata kwa upande.

Ayeeyo aliinua mkono wake, akaona ule wekundu ukipanda juu ya vidole. Akatabasamu. Akanigeuzia macho, akanong'ona kama watu wawili wanaojua siri moja:

"Ndilo hili? Gari la miraa?"

Wavu ulikuwa mikononi mwa dada, juu ya uso wake, pengine shibiri mbili. Neno moja tu. Nina hakika kabisa nilifungua mdomo kusema ndiyo.

"Hapana, ayeeyo."

Tabasamu halikutoka mara moja. "Liko wapi?"

"Halipo."

Aliketi. Sijui alipata wapi nguvu, lakini aliketi kitako mezani, kichwa wazi, nywele zake chache nyeupe zimesimama. Dada akarudi nyuma na wavu.

"Nini? Anaumwa?"

"Ngoja kidogo, dada. Tafadhali."

"Uliapa," ayeeyo akasema.

"Nilidhani ni kweli. Nilisoma nusu. Nimeambiwa sasa hivi pale dirishani. Gari la miraa lipo, lakini liko nchi nyingine, wanalijaribu. Hapa hawana. Hiyo nyekundu ni ya kupimia tu kama umelala sawa."

"Sasa hivi umeambiwa."

"Sasa hivi."

"Na ungenyamaza ningelala."

Chumba kizima kilikuwa na sauti moja tu, kitu kinachovuma ndani ya ukuta. Nilikuwa natazama miguu yake. Ilikuwa imening'inia mezani, haijagusa sakafu, na nilikuwa nasubiri iguse.

"Na watoto wa mbuzi?" akauliza.

"Wapo. Hao wapo."

"Wanakimbia?"

"Wanakimbia vile vile. Wanagonga chuma vile vile. Ila wanaowafukuza ni mawimbi, ndani ya bomba la shaba."

Akaniacha mimi, akamtazama dada moja kwa moja, akamuuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha soko la mifugo, ambacho hakina p:

"Wewe binti. Hii moto ya wewe, kuni yake iko wabi?"

Dada alinitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa: si mzaha, haijawahi kuwa mzaha. Nikaona alipokumbuka lile swali la siku ya barakoa, na uso wake ukabadilika.

"Ni umeme, mama," akasema polepole. "Stima. Kuni ni stima."

"Stima bekee?"

"Peke yake."

"Na stima ikibotea, mimi iko ndani?"

Sisi tunaokaa Garissa tunajua hilo si swali la mtu mjinga.

"Mashine inazima, mama. Moto unakufa hapo hapo. Hata mimi nikitoa kidole kwa kifungo, unakufa. Hakuna makaa."

Ayeeyo akanigeukia kuhakikisha. Nikamtafsiria neno la mwisho: hakuna makaa. Aligusa shingo yake, pale penye alama, kwanza ya chini, kisha ya kati. Ile kuni aliyoijua iliendelea kumuuma wiki tatu baada ya mganga kwenda zake.

"Utafunga siku tatu, kafara ya kiapo," akaniambia.

"Ayeeyo, sikujua!"

"Ulikuwa na simu mkononi. Ungesoma mpaka mwisho. Siku tatu." Akajilaza. Mstari mwekundu ukarudi kifuani pake. "Na mwambie huyu binti sitaki kukaa humu bila sauti ya mtu. Akifunga mlango, wewe uongee."

Nikamweleza dada. Akasema kuna kipaza sauti kule nje, huwa wanaongea na wagonjwa, na kwa kuwa mimi ni mkalimani naweza kukaa kando yake. Lakini akaninyooshea kidole.

"Usimchekeshe. Umenisikia? Asitikisike hata kidogo. Akicheka nasimamisha, tunaanza upya kumpanga. Nimeshakujua wewe."

Wavu ukashuka. Vifungo vikalia, tak, tak, tak, tak. Sura ya bibi yangu ikawa miraba midogo midogo nyeupe, na nyuma yake jicho moja linanifuata mpaka kwenye kona.

Kule nje kulikuwa na viti viwili na skrini. Kwenye skrini ayeeyo alikuwa mdogo, amelala chini ya kile kichwa cha ngamia, mikono ubavuni. Mlango mzito ukajifunga. Dada akanisogezea kipaza sauti.

"Ayeeyo, unanisikia? Usijibu. Inua kidole."

Kidole kikainuka.

"Anza," dada akasema, na akabonyeza.

Sauti kama ya mdudu mkubwa ikaanza. Mimi, ambaye mwalimu wa nidhamu aliwahi kunipa adhabu ya kunyamaza siku nzima, sikuwa na neno. Kidole cha ayeeyo kikaanza kupiga meza, taratibu, tap, tap, kama anavyofanya akisubiri chai. Dada akaona. "Anasogeza mkono. Mtulize. Ongea."

Nikaanza na gari la miraa. Nikamwambia kwamba liko nchi nyingine, ndani ya chumba cha baridi kama hiki, na watu wazima wenye makoti meupe wanalisubiri lipite. Kidole kikasimama. Nikamwambia kundi limesimama njiani, mama wazito, watoto wepesi. Gari linakuja. Hapa ulimi ulitaka kunisaliti, nikaona kabisa lile neno la utani la dereva wa Wajir likija, jinsi lilivyo zuri, jinsi lingemtikisa tumbo. Nikalimeza. Lilikuwa kubwa kuliko anjera. Nikasema tu: gari linapita. Watoto wanaruka kando. Mama wanabaki. Uwazi. Wanageuka, wanarudi. Mmoja tayari alikuwa anakimbia.

Kile kichwa kikazunguka upande wa pili wa meza, polepole. Yeye hakusogea. Nilimkimbiza yule mbuzi mdogo kutoka kwa mama huyu mpaka kwa mama yule, nikihakikisha hafiki, nikihakikisha haanguki, hakuna kichekesho, hakuna mtu anayejikwaa, jasho likinitiririka kwenye shati la shule ingawa pale palikuwa na feni. Nilikuwa sijawahi kusimulia kitu kirefu hivyo bila kukiharibu. Dada hakunitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye skrini na kidole chake kwenye kifungo.

Sauti ya mdudu ikakatika.

"Tumemaliza," akasema. "Leo tumemaliza."

Nilifika mezani kabla ya mlango kufunguka wote. Walipomtoa wavu, uso wake ulikuwa na alama za miraba kila mahali, paji, mashavu, kidevu, kama mtu aliyelalia mkeka mpya. Nilikuwa na maneno sita ya kusema kuhusu uso ule. Sikusema hata moja.

"Leo hukuchekesha," akasema, kwa sauti ya kukwaruza.

"Nilikatazwa."

"Nilikusikia ukilimeza." Akashusha miguu, ikagusa sakafu, akasimama akinishika bega. "Haikuuma. Hata kidogo."

Nikamtazama. Nilikuwa nimesubiri nafasi hiyo tangu nilipojua kuongea.

"Sema wallahi."

Yule dada aligeuka. Ayeeyo alinitazama kwa lile jicho lake la kandambili, nikaanza kupima umbali wa mlango. Kisha akachukua mtandio wake kutoka mkononi mwa dada, akajifunga vizuri, akaingiza ncha ndani, akapapasa kuona kama nywele zote zimefunikwa. Halafu akasema, "Wallahi."